Ushuru wa Umbali

Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910. Kabla ya hapo, bidhaa yoyote ya ng'ambo iliyofika nyanda za kati ilipanda bara kichwani au begani mwa mpagazi, na ilipoingia Ugogo ilisimamishwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha ikakutana na watemi wa Wagogo waliodai hongo: doti za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Asiyetoa hongo hakuchota maji. Richard Burton alipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliandika malalamiko marefu. Stanley alizuiwa Mvumi, katika wilaya ya leo ya Chamwino, hadi hongo ilipokamilika. Wageni hao waliona unyang'anyi. Watemi walikuwa na hoja yao: katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, msafara wa watu mia kadhaa unaweza kukausha kisima, na kisima kina wenyewe.

Merikani hiyo ilikuwa imekwisha kutozwa ushuru kabla ya kuiona Ugogo. Ilifumwa Massachusetts, ikapakiwa melini, na ilipofika Unguja ilikatwa asilimia 5, kiwango kilichowekwa na mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani Said na Marekani. Juu yake zikaja nauli ya jahazi hadi Bagamoyo, ujira wa wapagazi, kisha hongo ya mtemi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Doti moja iliyofika Tabora ilikuwa ni kitambaa kidogo na umbali mwingi.

Hesabu hiyo haijabadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi wa Dodoma haioni tena kwa macho. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma amekaa kitandani bwenini usiku, simu mkononi, anatazama gauni lenye bei iliyokatwa nusu. Anabonyeza, analipa kwa kadi ya Visa aliyoifungua ndani ya akaunti yake ya pesa za simu, na kwa dakika kadhaa anaamini amemaliza. Kumbe amelipa kiingilio tu.

Kwa miaka michache Watanzania walikuwa na duka kubwa la mtandaoni lililofanya kazi nchini. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na tangu hapo anayetaka kununua kwa simu vitu ambavyo havipo Kariakoo hununua moja kwa moja kutoka ng'ambo: AliExpress, Alibaba, Shein, Amazon, eBay, au kwa magari, kampuni za Japani. Maana yake ni kwamba kazi iliyokuwa ya mfanyabiashara mwenye wakala, stoo na uzoefu wa bandari imeangukia mtu mmoja mwenye simu. Sheria za forodha hazikuandikwa kwa ajili yake. Ziliandikwa kwa ajili ya mwenye kontena.

Kiini cha sheria hizo ni herufi tatu ambazo kila wakala wa forodha anazitaja kabla hajaketi: CIF. Ni bei ya bidhaa, bima na nauli ya mzigo hadi mahali unapoingilia nchini, vyote vikijumlishwa. Ushuru hautozwi kwenye bei ya gauni peke yake. Unatozwa kwenye jumla hiyo. Viwango vyenyewe si vya Tanzania tu. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, nchi wanachama zinatumia orodha moja: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa ambazo kanda inaamini inaweza kuzitengeneza yenyewe, nguo zikiwemo. Juu ya ushuru huo inakuja Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, asilimia 18 Tanzania Bara, nayo inakokotolewa baada ya ushuru kuongezwa. Halafu Tozo ya Maendeleo ya Reli, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya CIF, na ada ya kushughulikia nyaraka za forodha, asilimia 0.6 ya bei ya bidhaa kabla ya nauli.

Tuchukue nguo za dola 100, zilizokuja kwa meli kwa nauli ya dola 40 na bima ya dola 1. CIF ni 141. Ushuru wa asilimia 35 ni dola 49 na senti 35. VAT inatozwa kwenye 190.35, nayo ni 34.26. Tozo ya reli ni kama dola 2, ada ya nyaraka senti 60. Jumla ya kodi inapita dola 86, na nguo za dola 100 zimefika dola 227 zikiwa bado Dar es Salaam, hazijapita hata Kibaha, sembuse kufika Dodoma.

Hapa ndipo panapohitaji kutazamwa kwa utulivu. Ondoa nauli na bima kwenye hesabu hiyo, utoze kodi kwenye dola 100 tu. Kodi inashuka hadi dola 61 na kidogo. Zile dola 25 zilizobaki hazikutokana na nguo. Zimetokana na safari. Katika kiwango cha asilimia 35, kila shilingi 1,000 ya nauli ya meli inazaa shilingi 600 na ushee za kodi. Mnunuzi analipia umbali, kisha anatozwa kwa sababu ameulipia.

Si lazima iwe hivyo. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu uthaminishaji wa forodha unaiachia kila nchi ichague kama itajumlisha nauli au la. Umoja wa Ulaya unajumlisha, kama Afrika Mashariki. Marekani, Kanada, Australia na Afrika Kusini hazijumlishi. Zinathaminisha mzigo kwa bei yake ulipotoka. Nchi hizo ziko mbali na viwanda vingi vinavyoziuzia, lakini haziwatozi raia wake kwa sababu ya jiografia. Tanzania nayo iko mbali na Guangzhou. Hoja ya mapato inaeleweka, maana barabara na hospitali havijengwi kwa maneno, lakini kuna namna ya kupandisha kiwango bila kuficha kodi ndani ya nauli.

Ajabu ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yenyewe inakiri tatizo hilo, ila kwa nusu. Jedwali lake la Nne linasema mzigo ukija kwa ndege, nauli haiongezwi kwenye thamani ya kukokotolea ushuru wa forodha. Huenda waliotunga waliona kwamba nauli ya ndege ingeweza kuizidi bei ya bidhaa na kuufanya ushuru uwe kichekesho. VAT ni habari nyingine; sheria yake inairudisha nauli kwenye hesabu. Hata hivyo, kipengele hicho ni haki ya mnunuzi, na anayepokea karatasi ya makadirio ya mzigo wa ndege ana sababu ya kuuliza nauli imeingizwa mstari upi.

Ndege ina mtego wake mwingine, nao hauhusiani na serikali. Kampuni za vifurushi vya haraka hazipimi kilo peke yake. Zinachukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zinazidisha, zinagawa kwa 5,000, kisha zinalinganisha jibu na uzito wa mizani na kuchukua kikubwa. Boksi la viatu kadhaa lenye sentimita 60 kwa 40 kwa 40 linaweza kuwa na kilo 6 mizani, lakini kwa hesabu hiyo lina kilo 19.2, na nauli italipwa kwa 19.2. Mnunuzi aliyekokotoa kwa kilo 6 atadhani ameibiwa. Hakuibiwa, amelipia hewa iliyomo ndani ya boksi. Ndiyo maana wazoefu humwambia muuzaji avitoe viatu kwenye maboksi yake, avibanebane, atume.

Kwa meli kipimo ni ujazo, mita za ujazo, ambazo kila anayeagiza China anaziita CBM. Boksi lile lile ni CBM 0.096, chini ya sehemu moja ya kumi. Kontena la futi 40 huchukua mita 67 hivi za ujazo, na hakuna mwanafunzi anayelijaza. Kwa hiyo biashara kubwa ya miaka hii imekuwa ya wakusanyaji mizigo: wana ghala Guangzhou au Yiwu, wanampa mteja alama ya kuandika juu ya boksi lake, wanachanganya mizigo ya mamia ya watu kwenye kontena moja, wanaipakia, wanaigomboa Dar es Salaam na kuigawa. Mteja anapewa bei moja kwa CBM au kwa kilo, na anaambiwa bei hiyo ina kila kitu ndani.

Kwa mtu wa kawaida huu ni msaada mkubwa, na usidharauliwe. Unamwondolea wakala, nyaraka na safari ya bandarini. Lakini "kila kitu ndani" ni kauli ya mdomo. Mteja wa namna hii mara nyingi hapati karatasi inayoonyesha bidhaa yake ilitozwa ushuru gani. Akiwa na duka Majengo, Dodoma, au kwenye jengo la machinga, na amesajiliwa VAT, hawezi kudai kodi ambayo hana ushahidi wa kuilipa. Na kontena likizuiwa kwa sababu mtu mmoja kati ya mia mbili ameingiza bidhaa iliyokatazwa au ametangaza uongo, mizigo ya wote inasubiri. Anayeagiza simu mbili anaweza kuvumilia. Anayeagiza sare za shule mwezi Desemba hawezi.

Kuna njia ya tatu ambayo vijana wameisahau: posta. Tanganyika iliingia Umoja wa Posta Duniani muda mfupi baada ya uhuru, na umoja huo, ulioundwa Bern mwaka 1874, ndio uliowezesha kwa miaka mingi pakiti ndogo kutoka China kusafirishwa kwa senti. Siri ilikuwa malipo ambayo posta ya nchi inayotuma huilipa posta ya nchi inayopokea. Yalipangwa zamani kwa mtindo ulioipendelea nchi inayoendelea, na China ilihesabiwa humo hata ilipokuwa kiwanda cha dunia. Marekani ilitishia kujitoa mwaka 2018. Mkutano wa dharura wa Geneva wa Septemba 2019 ukakubali nchi zenye mizigo mingi zijipangie viwango vyake. Wanunuzi wa Afrika walioona "usafirishaji bure" ukitoweka kwenye vitu vya dola mbili hawakujua kwamba huenda chanzo kimojawapo kilikuwa kikao hicho.

Posta bado ina faida kwa vitu vidogo. Pakiti ndogo inaruhusiwa hadi kilo 2. Inabandikwa fomu ya forodha, CN22 au CN23 kufuatana na thamani, na ile iliyosajiliwa ina namba ya kufuatilia yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi ilikotoka: CN ni China, TZ ni Tanzania. Shida kubwa ya Dodoma ilikuwa anwani. Tovuti za ng'ambo hazimwachii mtu aendelee bila postikodi, na wengi waliandika sifuri tano na kumtegemea Mungu na sanduku la posta la ofisini kwa baba mdogo. Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2022, iliweka namba kwenye milango na majina kwenye mitaa. Postikodi za mkoa zinaanza na 41. Anayeijaza ipasavyo anaipa pakiti yake nafasi ya kufika bila kuzunguka.

Kuhusu fomu ya forodha, jambo moja halina mjadala. Wauzaji wengi, kwa kudhani wanamsaidia mteja, huandika "zawadi" na thamani ya dola 10 kwenye simu ya dola 180. Ofisa wa forodha naye ana intaneti. Akiiona simu hiyo anaithaminisha upya, na kibali kinachelewa. Kutangaza uongo ni kosa chini ya sheria ile ile ya 2004, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000. Muuzaji yuko Shenzhen. Jina lililoandikwa kwenye kifurushi ni la mtu wa Nkuhungu, Dodoma.

Hakuna mahali ambapo wakazi wa Dodoma wamejifunza haya kwa gharama kubwa kama kwenye magari. Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, watumishi walihama na familia zao kwenda kwenye jiji lililotawanyika, lenye mitaa mipya mbali na katikati. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 jijini. Gari likawa hitaji, na gari la mtumishi wa kawaida ni Toyota iliyotumika, inayochaguliwa kwa picha kwenye tovuti ya Japani. Ist, Passo, Noah: picha ishirini, bei ya dola elfu moja na kitu, nauli hadi Dar es Salaam imeandikwa pembeni.

Kisha linakuja suala la umri. Gari la miaka minane hadi kumi linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15. Lililozidi miaka kumi, asilimia 30. Hii ni mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini (asilimia 5 kwa injini ya kati ya sisi 1,000 na 2,000), VAT na tozo nyingine. Gari lililopita miaka kumi lenye CIF ya dola 3,000 linafikia, kwa hesabu ya karibu, kodi ya dola 3,000 nyingine. Mtu ananunua gari mara mbili. Na hawezi kujitetea kwa kuonyesha kwamba yeye alilipata kwa bei ya kutupa, kwa sababu Mamlaka ya Mapato Tanzania ina kikokotoo chake cha magari yaliyotumika, chenye thamani zake kwa aina, mwaka na injini. Kikokotoo hicho kiko wazi mtandaoni. Dakika tano za kukitazama kabla ya kutuma pesa Japani zingewaokoa wengi waliokuja kukopa SACCOS ili kulitoa gari ambalo tayari lilikuwa limeshuka bandarini na gharama za hifadhi zinahesabika kila siku.

Upande wa pili wa orodha hiyo hiyo kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Kanda ya Kati ni nchi ya alizeti na zabibu. Mashine ya kukamua mafuta inaingia Afrika Mashariki kwa ushuru wa forodha wa asilimia 0, na kadhalika vinu vya kukamulia zabibu vya kutengenezea mvinyo. Kikundi cha akina mama wa Singida au Kongwa kinachoagiza mashine ndogo ya alizeti kupitia Alibaba kinalipa VAT na tozo, lakini ile asilimia 35 ya gauni haiwahusu. Sharti ni kwamba mashine itambulike kwa jina lake. Kila bidhaa duniani ina namba ya HS, mfumo uliowekwa na Shirika la Forodha Duniani mwaka 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, Afrika Mashariki inaongeza mbili. Muuzaji akiandika kwenye ankara "vyombo vya jikoni" kwa sababu mashine inakamua mafuta ya kula, kikundi kinaweza kujikuta kwenye asilimia 25. Namba hiyo huombwa kwa muuzaji, na huthibitishwa na wakala, kabla ya malipo, si baada ya meli kung'oa nanga.

Na mzigo ukishafika, usikae. Sheria inatoa siku 21 tangu kuanza kushushwa uwe umeandikishwa forodha. Ukipita hapo unahamishiwa ghala la forodha na unaweza kuishia kwenye mnada.

Kucheleweshwa na hofu ndivyo vinavyowalisha matapeli. Ujumbe unaingia: "Habari ndugu, mzigo wako umekwama forodha, lipia 85,000 kwenye namba hii upate kibali." Unafika kwa mtu ambaye kweli anasubiri mzigo, kwa sababu siku hizi karibu kila nyumba ina anayesubiri. Malipo halali ya forodha yanapitia namba ya malipo ya serikali, ile ambayo watu wote wanaiita "kontrol namba", na risiti inatoka. Hakuna kodi ya nchi hii inayolipwa kwenye laini ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kwa cheo gani.

Baada ya yote hayo zinabaki kilomita 450. Kifurushi kidogo kinapakiwa buti ya basi pale stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu nzito juu ya karatasi ya gundi, na usiku mwenye mali anapigiwa simu aje stendi ya Nanenane, Dodoma. Mashine ya alizeti inapanda lori, inalala Morogoro, inapita Gairo na Kibaigwa. Sehemu hii ya safari haitozwi ushuru kwa mzigo uliogombolewa bandarini, maana CIF inakomea bandarini, lakini kwa vitu vizito inaweza kugharimu kiasi cha kumfanya mnunuzi ajute.

Treni ya umeme ya abiria ilianza safari za Dodoma Julai 2024, na mwaka uliofuata reli hiyo ikaanza kubeba mizigo, huku bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani ikifunguliwa. Mnunuzi wa Dodoma ameichangia reli hiyo tangu 2015, shati kwa shati, simu kwa simu, kupitia tozo ambayo wengi hawakujua wanailipa. Njia inapita Ihumwa, ndani ya jiji lake. Ana haki ya kuuliza ni lini boksi lake litatoka melini, lipande behewa likiwa na lakiri ya forodha, na kufunguliwa mbele yake hapo Ihumwa, na ofisa ambaye anaweza kumwonyesha kwenye karatasi ni kiasi gani amelipia kitu na kiasi gani amelipia njia.